Siri Hii ni ya Nani?



Nyumba za kale za mwambao wetu zilijengwa kwa sitara. Kuta zake ni nene, mgeni hukaribishwa barazani kwanza, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyokaribia yale ambayo si ya kila jicho. Maneno nayo tulifundishwa kuyahifadhi hivyo hivyo. Mtoto wa kwetu hujua mapema kwamba ya ndani hayatoki nje, na kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Malezi hayo ni mema na hatuna nia ya kuyabomoa. Lakini wiki hii tunataka kuuliza jambo ambalo aghalabu haliulizwi: siri ya nyumba inapomhusu mtoto wa nyumba hiyo hiyo, naye ndiye anayefichwa, je, hiyo nayo huitwa sitara?

Swali hili limeletwa na kitabu. Binti wa ndugu yetu, aliye mwanafunzi wa chuo kikuu, alituwekea mezani kitabu kinene cha michoro akasema, "Ami, kisome hiki chote, kisha tuzungumze." Wengi wetu tukiona katuni huwaza magazeti na watoto. Hiki ni kumbukumbu za maisha ya mtu, zaidi ya kurasa 300, zilizosimuliwa kwa picha za wino mweusi na maneno machache. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kusoma kitabu cha namna hiyo. Tunajua kwamba wanazuoni wamezungumza mengi kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, na mjadala huo una mahali pake. Leo tunashughulika na yale yaliyosimuliwa. Na tuseme mapema kwamba si kitabu cha kumpa mtoto, kwani ndani yake mna mambo ya watu wazima.

Kinaitwa Stitches, neno la Kiingereza lenye maana ya mishono, zile nyuzi ambazo daktari hushonea jeraha. Mwandishi na mchoraji wake ni David Small, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1945 katika mji wa Detroit. Alikuwa amejulikana kwa miaka mingi kwa kuchora vitabu vya watoto, na mwaka 2001 alitunukiwa nishani ya Caldecott, ambayo Wamarekani humpa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Hadithi yake mwenyewe aliitoa mwaka 2009, akiwa amepita umri wa miaka 60.

Baba yake alikuwa daktari wa eksirei. Mtoto alikuwa na matatizo ya pua na ya kupumua, na baba, kwa nia ya kumponya, akampiga mionzi mara nyingi. Hakuwa peke yake katika hilo. Zama hizo madaktari wengi wa Marekani waliitumia mionzi kutibu tonsili za watoto na hata chunusi za vijana, kisha ikabainika kwamba mionzi katika shingo ya mtoto huweza kuzaa saratani. David alipokuwa na umri wa miaka 11, rafiki wa familia aliona uvimbe shingoni mwake. Ilipita zaidi ya miaka mitatu kabla hajapasuliwa. Aliambiwa ni uvimbe wa kawaida tu. Akapasuliwa mara mbili, na alipozinduka akakuta ana mshono mrefu shingoni na sauti imetoweka. Tezi ya shingo ilikuwa imeondolewa, pamoja na uzi mmoja wa sauti. Alikuwa na umri wa miaka 14, hawezi kuzungumza, na hakuna mtu nyumbani aliyemweleza kwa nini.

Aliujua ukweli kwa bahati. Siku moja aliiona barua ambayo mama yake alikuwa akimwandikia nyanya, na humo akasoma kwamba ugonjwa wake ulikuwa saratani na kwamba yeye mwenyewe hajui. Baadaye baba yake alimwambia kwa kinywa chake kwamba mionzi aliyompiga ndiyo iliyomletea maradhi yale.

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo picha huyasema na maneno huyashindwa. Katika nyumba ile watu hawazungumzi, bali kila mmoja ana sauti yake ya kusema bila kusema: mama hubamiza milango ya kabati za jikoni, baba hupiga mfuko wa mazoezi ya ngumi, kaka hupiga ngoma, na David huugua. Mara nyingi miwani ya mama imechorwa iking'aa tu, macho hayaonekani, ukawa unamtazama mzazi asiyekutazama. Na pale mtu mmoja, daktari wa nafsi, anapomwambia kijana ukweli mchungu kuhusu mama yake, anaanza kulia, na kurasa zinazofuata hazina neno hata moja. Ni mvua tu inayonyesha juu ya nyumba na barabara. Tulizifungua kurasa hizo taratibu. Hapana khutba tuliyowahi kuisikia iliyotueleza vizuri kuliko mvua ile kilio cha mtoto aliyenyimwa habari zake mwenyewe.

Sasa huenda mmoja wenu akasema: Sheikh, huyu si mtoto aliyewavua nguo wazazi wake sokoni? Dini yetu si imeamrisha kusitiri? Ni kweli imeamrisha. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri, na tumekatazwa kupekua aibu za watu na kusengenya. Hata sisi, katika kitabu hiki tumekuta siri nyingine ya mama yule, isiyohusiana na maradhi ya mwanawe, na hatutaisimulia hapa. Ilikuwa siri yake, na amekwisha kufa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Siri ile ya mama ilikuwa ya mama. Lakini koo lilikuwa la mtoto. Maradhi yalikuwa katika mwili wa mtoto, kisu kilipita katika shingo ya mtoto, na sauti iliyopotea ilikuwa sauti yake. Wazazi wale hawakuficha kitu chao. Walizuia kitu cha mwenyewe asikipate, na kuzuia haki ya mtu hakuitwi sitara hata kukifanywa kwa upole na ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wanazuoni wetu waliiona tofauti hii zamani. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Riyadhus Salihin kinasomwa katika madrasa zetu nyingi, amekusanya mambo sita ambayo kwayo kumtaja mtu kwa asichokipenda huruhusiwa, na miongoni mwake ni kumtahadharisha na kumpa nasaha aliye hatarini kudhurika. Ushahidi mmoja ni kisa cha Fatima binti Qays (R.A.). Alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kumtaka Mtume (S.A.W.) ushauri. Mtume hakunyamaza kwa kuwasitiri. Alimwambia kwamba mmoja ni masikini na mwingine ni mkali kwa wake, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Alisema kadiri ile tu iliyomfaa mwenye kuuliza, hakuzidisha, na wala hakumwambia asiyehusika.

Basi kipimo ni kuuliza: siri hii ni ya nani? Ikiwa ni kosa langu kati yangu na Mola wangu, naisitiri na kutubia. Ikiwa ni aibu ya jirani, naisitiri pia. Lakini ikiwa ni habari ya mwili wa mwanangu, au nasaba yake, au nani ni halali na nani ni haramu kwake, au mali itakayokuwa yake, hiyo ni amana. Imo mkononi mwangu lakini si yangu, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Tuyatazame mambo haya kwetu Pwani, tukianza na maradhi. Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoyaita, si mageni Kilifi wala Mombasa. Mtoto huyarithi kwa wazazi wawili ambao wenyewe huenda hawaumwi. Kila mmoja akiwa amebeba mbegu hiyo katika damu yake, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mama mmoja alitujia kuuliza iwapo ni lazima mposaji wa bintiye aelezwe. Tulimuuliza: binti mwenyewe anajua? Akasema hapana, tangu utotoni ameambiwa kwamba vidonge anavyokunywa kila siku ni vya kuongeza nguvu tu. Tukamwambia aanze na binti, mposaji atafuata.

Fikirini binti kama huyo akiwa shule ya bweni. Hajui kwamba baridi, kiu na uchovu mwingi huweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Anakimbizwa uwanjani na wenzake, anabanwa na maumivu usiku, na wenziwe wanadhani ni uvivu au mashetani. Anaacha vidonge vyake kwa kuwa vya kuongeza nguvu si vya lazima. Mama alikusudia kumkinga na aibu, na kumbe amemnyang'anya ngao. Na mposaji naye akielezwa kabla ya nikaha, akapima damu yake, watajua pamoja wanaingia katika nini. Wahenga hawakukosea waliposema mficha ugonjwa kifo humuumbua.

La pili ni kunyonya. Zamani katika mitaa yetu mama akiumwa au akisafiri, jirani au wifi humnyonyesha mtoto, na jambo likapita bila kuandikwa popote. Na kwa kuwa kwetu ndoa za binamu ni za kawaida, jambo hilo lililopita linaweza kurudi siku ya posa. Uqba bin Al-Harith (R.A.) alioa binti wa Abu Ihab, kisha akatokea mwanamke akasema kwamba amewanyonyesha wote wawili. Uqba hakuwa na habari hiyo, na mwanamke yule hakuwahi kumwambia. Alipanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume (S.A.W.), na Mtume akamwonyesha kwamba haifai kuendelea na ndoa hali neno kama hilo limekwisha kusemwa. Wakaachana, na mke akaolewa na mwingine. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi hapa, ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi kutoa hukumu, na kisa hiki huchukuliwa kuwa ni cha tahadhari. Na kinachoharamisha ni manyonyo matano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Hayo ni ya kadhi. Letu sisi ni kutazama gharama ya kunyamaza: nyumba mbili zilivunjika moyo kwa neno ambalo lingesemwa mwaka mmoja kabla lisingemuumiza mtu. Kina mama, kama mmewahi kumnyonyesha mtoto wa mwenzenu, semeni na iandikwe.

La tatu ni nasaba. Wapo miongoni mwetu waliolea yatima au mtoto wa ndugu wakampa jina lao, wakaapa kwamba hatajua kamwe. Tukumbuke Zayd bin Haritha (R.A.). Watu walimwita Zayd bin Muhammad mpaka Suratul Ahzab, aya ya 5, ilipoamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudia jina la Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Mlezi asiogope kwamba ukweli utamnyang'anya mtoto. Mara nyingi kinachomnyang'anya ni siku mtoto anapousikia kwa jirani, akajiuliza ni lipi jingine aliloambiwa na lisiwe kweli.

La nne ni mirathi. Mara ngapi msiba umekuwa misiba miwili pale alipotokea mjane na watoto ambao wa nyumba ya kwanza hawakuwajua? Maiti hajazikwa, na ndugu wa damu wanatazamana kama wezi. Huko mahakama ya kadhi watoto hutafuta hati na mashahidi wa ndoa ambayo baba angeitaja kwa sentensi moja akiwa hai. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku miwili ila wasia wake umeandikwa. Mwanamume mwenye nyumba mbili, kuandika majina ya watoto wake wote ni sehemu ya uadilifu wake kwao.

Sasa yaja suala la namna ya kusema, kwani neno la kweli likisemwa vibaya huweza kujeruhi kama uongo. Mtoto aambiwe mapema, kwa kadiri ya akili yake, na habari iongezwe anavyokua. Mtoto wa miaka saba yatosha kujua kwamba damu yake inahitaji maji mengi na dawa. Wa miaka kumi na tano ajue jina la maradhi na kwamba ameyarithi. Asiambiwe katika ugomvi, wala siku ya harusi, wala matangani. Wazazi wote wawili wawepo ikiwezekana, na kama ni maradhi, daktari asaidie kueleza. Na mzazi asione haya kusema: hatukukwambia kwa sababu tuliogopa. Habari ile ikabidhiwe kwa mwenyewe, kisha yeye ndiye aamue nani mwingine aijue. Kumwambia mwana siri yake si ruhusa ya kuitangaza kwa mashangazi na majirani.

Na wewe kijana uliyefichwa, kisha ukajua, una hasira, na hasira yako ina sababu. Soma kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake walimtupa kisimani na kumficha baba yao ukweli kwa miaka, hata mzee akapoteza macho kwa huzuni. Lakini siku walipokutana wote Misri, Yusuf aliposhukuru neema za Mola wake alitaja kutolewa gerezani na hakukitaja kisima. Wafasiri wamesema aliacha kukitaja ili asiwatahayarishe ndugu zake waliosimama mbele yake. Ukweli ulikuwa umekwisha kujulikana na haki imekwisha kurudi, na kilichobaki hapo kilikuwa adabu. Kwanza ukweli umfikie anayestahiki, kisha sitara ifuate. Tukigeuza mpangilio huo, sitara huwa kaburi la kumzikia mtu aliye hai.

David Small naye, mwishoni mwa kitabu chake, anatuambia jambo kuhusu mama yake. Alizaliwa moyo wake ukiwa upande usio wake kifuani, na pafu moja tu ndilo lililokuwa likifanya kazi. Mwanamke yule aliyebamiza kabati alikuwa na maradhi katika mwili wake, akayabeba kimya, na mwanawe hakujua alipokuwa mtoto. Tulipofika hapo tulimwonea huruma kuliko tulivyotarajia. Kumbe nyumba nzima ilikuwa wagonjwa wanaofichana maradhi chini ya paa moja. Laiti mama angesema lake, huenda na la mtoto lingesemeka.

Basi wiki hii, mume na mke wakikaa baada ya sala ya Isha, waulizane kwa upole: je, iko habari katika nyumba yetu ambayo si yetu, tumeishika tu? Ikiwapo, wakubaliane ni lini na nani ataanza kuisema, na waombe dua kabla ya kufungua kinywa.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, zitulize hofu zetu, na utupe ujasiri wa kurudisha amana kwa wenyewe. Amin. Wabillahi tawfiq.